Kishale changu kiko wapi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko Morogoro. Nilipoteza uoni miaka miwili iliyopita kwa presha ya macho. Nimejifunza NVDA, kisoma skrini kinachonisomea kwa sauti yaliyomo kwenye kompyuta, kwa kusikiliza maelekezo ya watu, na barua sasa naandika bila shida. Tatizo langu ni kwamba mara nyingi sijui nipo wapi. Nikibonyeza Tab nasikia kitu kimoja, nikigusa vitufe vya mishale nasikia kingine. Kwenye programu ya matokeo kuna kisanduku hujitokeza, nasikia "OK" tu, maneno yake siyapati. Kwenye fomu za mtandaoni naandika jina la mwanafunzi, ukurasa unarukaruka. Mwenzangu anayetumia JAWS, kisoma skrini kingine, aliniambia vishale, yaani alama za mahali ulipo kwenye skrini, viko vitatu, na nisipovijua nitahangaika daima. Nimejaribu kufuata mafunzo niliyoyasikia, lakini nikibonyeza kitufe cha NVDA na mshale wa chini laptopu inaanza kusoma waraka mzima. Nisaidie.

Jibu: Marahaba, mwalimu, na pole sana. Mimi nami sioni, na nimekaa pembeni ya watu wengi walipokuwa wakianza safari hii. Swali lako wanaliuliza karibu wote, ila wengi huliuliza wamekwisha kata tamaa. Wewe umeliuliza ungali na nguvu, nashukuru.

Nianze na lile la mwisho, maana linakuchosha bure. NVDA ikishasakinishwa, huchukulia kwamba una kibodi ya mezani, ile yenye vitufe vya namba upande wa kulia. Katika mpangilio huo, NVDA pamoja na mshale wa chini maana yake ni "soma yote kuanzia hapa". Mafunzo uliyoyasikia yalikuwa ya mpangilio wa laptopu, ambamo vitufe vilevile hushusha kishale kingine mstari mmoja tu. Kwa hiyo hukukosea kitu. Bonyeza NVDA+Control+K, utaingia kwenye mipangilio ya kibodi. Chagua mpangilio wa laptopu, na hapohapo ruhusu Caps Lock itumike kama kitufe cha NVDA, ambacho kwa kawaida ni Insert, kwa sababu laptopu nyingi zimekificha kitufe cha Insert pabaya. Kuanzia hapa, kila nikiandika NVDA+kitu fulani, shikilia Caps Lock kisha bonyeza hicho kitu. Ukitaka kujua kitufe kinafanya nini kabla ya kukitumia, bonyeza NVDA+1: kompyuta itakueleza kazi ya kila kitufe unachogusa bila kuifanya. Bonyeza tena NVDA+1 kutoka.

Sasa vishale. Mwenzako amesema kweli, ila hesabu ya vitatu isikubane. Kumbuka ulipokuwa ukifundisha unaona. Umesimama ubaoni, chaki mkononi, mstari haujaisha. Nyuma ya darasa kunaanza minong'ono. Hukuiondoa chaki ubaoni. Uligeuza macho, ukamtazama yule kijana, akatulia, ukarudi kumalizia neno palepale ulipoliachia. Mkono ulikuwa mahali pamoja na macho mahali pengine, wala hukuchanganyikiwa, kwa sababu mwili ulijua kipi ni kipi.

Kisoma skrini kimejengwa kwa namna hiyohiyo. Kuna vishale vya mkono, ambavyo vikihama kazi nayo inahama. Kuna na vishale vya macho, ambavyo vinatazama popote bila kugusa chochote. Sisi tusioona, macho yetu kwenye kompyuta ni hivi vya pili, na wengi hawaambiwi kwamba vipo. Wanapewa Tab na mishale, yaani mkono mtupu, kisha wanashangaa kwa nini kila wanapotaka kuchungulia kitu lazima wakiguse.

Mkono una sehemu mbili. Ya kwanza ni fokasi, yaani kile kipengele ambacho kompyuta inakisikiliza sasa hivi: kitufe, kisanduku cha kuandikia, menyu. Tab huihamisha mbele, Shift+Tab huirudisha nyuma. NVDA+Tab haihamishi kitu, inakwambia tu fokasi iko wapi, na NVDA+T inakusomea jina la dirisha. Hivi viwili vibonyeze mara nyingi mpaka vidole vizoee. Sehemu ya pili ni kishale cha kuandika, ile nukta ndani ya maandishi ambapo herufi utakayobonyeza itaangukia. Mishale minne ndiyo inayokitembeza. Ndiyo maana Tab na mishale vinakupa majibu tofauti: Tab inakutoa kipengele hadi kipengele, mishale inakutembeza ndani ya kipengele kimoja.

Kile kisanduku chako cha matokeo kinakwamia hapa. Fokasi hutua tu kwenye vitu vinavyoweza kutendewa kazi. Kitufe cha OK kinabonyezeka, kwa hiyo Tab inakifikia. Maneno yaliyo juu yake hayabonyezeki, kwa hiyo Tab inayaruka kana kwamba hayapo. Programu zilizotengenezwa vizuri humpa kisoma skrini maneno hayo yenyewe, nawe unayasikia kisanduku kinapofunguka. Nyingine hazifanyi hivyo. Kwanza jaribu NVDA+B, ambayo husoma vyote vilivyomo ndani ya dirisha lililo mbele yako. Mara nyingi hiyo inatosha.

Isipotosha, tumia macho. Kishale cha kwanza cha macho mimi nakiita kitembezi, kwa sababu kinatembea kipengele kwa kipengele bila kuigusa fokasi. Ili ukielewe, jua kwamba kompyuta hupanga kila kilichomo kwenye skrini kama ukoo. Dirisha ni mzazi. Ndani yake kuna watoto: maneno, vitufe, orodha. Orodha nayo ina watoto wake. Walio chini ya mzazi mmoja ni ndugu. NVDA+Shift+mshale wa kulia hukupeleka kwa ndugu anayefuata, wa kushoto kwa ndugu aliyetangulia, wa juu kwa mzazi, na wa chini kwa mtoto wa kwanza. NVDA+Shift+O inakwambia umesimama kwa nani. Ukiibonyeza mara mbili inalitamka jina lake herufi kwa herufi, na mara tatu inalinakili ili ukalibandike kwingine.

Kisanduku kimejitokeza, umesikia "OK". Usibonyeze Enter. Bonyeza NVDA+Shift+mshale wa kushoto. Huenda ukasikia "Futa", yaani kitufe jirani. Endelea kushoto. "Alama za mtahiniwa namba 14 hazijajazwa." Hayo ndiyo maneno uliyokuwa ukiyakosa! Ukisikia kwamba upande huo hakuna kinachofuata, panda kwa mzazi, kisha shuka kwa mtoto wa kwanza na uwapitie watoto wote kwa mshale wa kulia. Fokasi muda wote huo haikuondoka kwenye OK. Ukishaelewa, bonyeza Enter kwa amani. Nimekutana na watu waliokuwa wakibonyeza OK kwa maonyo wasiyoyasikia, miezi, na ndani ya onyo kulikuwa na kazi inayofutwa.

Ukipotea kwenye ukoo huo, na mwanzoni utapotea, NVDA+Backspace inarudisha macho palipo na mkono. Jifunze hiki kabla ya vingine vyote vya kitembezi. Ukijua njia ya kurudi nyumbani hutaogopa kutoka.

Kishale cha pili cha macho ni cha kukagua. Hiki kinaingia ndani ya kile kipengele alichosimama kitembezi na kusoma maandishi yake mstari kwa mstari, neno kwa neno, herufi kwa herufi, huku kishale cha kuandika kikibaki kilipo. NVDA+mshale wa chini ni mstari unaofuata, NVDA+mshale wa juu ni uliopita. NVDA+Control+mshale wa kulia au kushoto ni maneno. NVDA+mshale wa kulia au kushoto ni herufi. Ukitaka kurudiwa ulipo: NVDA+nukta ni herufi, NVDA+Control+nukta ni neno, NVDA+Shift+nukta ni mstari. Ukibonyeza ile ya neno mara mbili, neno linatamkwa herufi zake. Aliye na kibodi ya mezani hafanyi michanganyiko hii yote: anazima Num Lock, kisha 7, 8 na 9 ni mistari, 4, 5 na 6 ni maneno, 1, 2 na 3 ni herufi, namba ya katikati ikiwa ndiyo ya pale ulipo. Ni mpangilio mzuri mno, na kama unaweza kupata kibodi ya nje yenye namba, ununue. Ukishaichomeka, rudisha mpangilio wa mezani.

Kishale hiki kwa mwalimu si anasa. Fikiria majina ya wanafunzi. Salum na Salumu, Nasra na Nasrah. Sauti ya Kiingereza ikisoma majina yetu huyabananga, na tofauti ya herufi moja mwishoni inamezwa kabisa. Miaka ya mwanzo nilichapa orodha ya washiriki wa mafunzo, nikaisikiliza yote mara mbili, nikaridhika. Vyeti vikatoka, na mama mmoja akarudi na chake mkononi, jina limekosa irabu ya mwisho. Aliniambia kwa upole kwamba hicho si cheti chake. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimesikiliza lakini sikuwa nimekagua. Tangu siku hiyo jina la mtu silipitishi bila kulipitia herufi kwa herufi.

Na hapohapo, badilisha sauti. eSpeak NG, programu ya sauti ambayo huja pamoja na NVDA, ina sauti ya Kiswahili. Bonyeza NVDA+Control+S, uchague eSpeak NG kama haijachaguliwa, kisha NVDA+Control+V, uende kwenye orodha ya sauti, uichague ya Kiswahili. Si tamu sikioni, inasikika kama mashine kwa kuwa ni mashine, lakini inatamka irabu zote tano kwa haki yake, na hicho ndicho unachokihitaji kwenye orodha ya darasa.

Umekagua, umekuta kosa, unataka kulisahihisha. Macho yapo kwenye kosa, mkono uko mbali. Bonyeza NVDA+Shift+Backspace mara mbili haraka. Mara ya kwanza inaileta fokasi kwenye kipengele, ya pili inakivuta kishale cha kuandika hadi pale macho yalipo. Kwa hiyo una vitufe viwili vinavyokamilishana: NVDA+Backspace, macho yaende kwenye mkono, NVDA+Shift+Backspace, mkono uende kwenye macho. Watu wakishaielewa jozi hii, malalamiko ya "nimepotea" hupungua sana.

Kuna jambo moja litakalokutatiza usipoambiwa. Kwa kawaida NVDA huyafunga macho kwenye mkono: fokasi ikihama, au kishale cha kuandika kikisogea, macho yanakifuata papo hapo. Ukiwa umetembeza kitembezi mbali, kisha ukagusa Tab kwa bahati mbaya, safari yako imekwisha, umerudishwa kwenye fokasi. Si hitilafu. Kamba hiyo inaweza kukatwa: NVDA+7 inazima au kuwasha kufuata fokasi, NVDA+6 inazima au kuwasha kufuata kishale cha kuandika. Mimi sikushauri uikate sasa. Nakutajia kwa sababu vidole huteleza, na siku ukiona macho yamegoma kufuata mkono, kagua hivi viwili kwanza kabla hujamwita fundi.

Sasa fomu za mtandaoni, ambako ukurasa unarukaruka. Ukifungua ukurasa, NVDA hutengeneza nakala yake ya maandishi matupu na kukuweka humo, nawe unatembea kwa mishale kama ndani ya barua. Hiyo ni hali ya kuperuzi. Humo herufi za kibodi haziandiki, ni njia za mkato: H inakupeleka kwenye kichwa cha habari kinachofuata, K kwenye kiungo, T kwenye jedwali, E kwenye kisanduku cha kuandikia, B kwenye kitufe. Sasa wewe umefika kwenye kisanduku kwa mishale, ukaanza kuandika "Hamisi" ukiwa bado kwenye hali ya kuperuzi. H ikakurusha kwenye kichwa cha habari, M kwenye fremu, I kwenye kipengele cha orodha. Jina halikuingia hata herufi moja.

Ukifika kwenye kisanduku, bonyeza Enter kwanza. Utasikia mlio mfupi: umeingia hali ya fokasi, na sasa herufi zinaandika. Ukimaliza, Escape inakurudisha kwenye kuperuzi, na mlio wake ni tofauti. Isikilize milio hiyo miwili kama unavyosikiliza kengele ya shule, maana ndiyo inayokwambia kibodi yako ni ya kazi gani kwa sasa. Ukiwa na shaka, NVDA+Spesi inabadilisha hali moja kwenda nyingine. Na ukifika kwenye kisanduku kwa Tab, NVDA kwa kawaida huingia hali ya fokasi yenyewe, ndiyo maana wakati mwingine jina huingia vizuri na wakati mwingine halikubali kabisa.

Lakini usijaze fomu kwa Tab peke yake. Hili nalisema kwa kuungua. Niliwahi kujaza maombi ya taasisi moja kwa Tab mwanzo hadi mwisho, nikajivunia kasi yangu. Yakarudi. Kati ya kisanduku cha nne na cha tano kulikuwa na sentensi moja iliyosema kiambatisho kiwe cha aina gani, nayo haikuwa kisanduku wala kitufe, kwa hiyo Tab iliiruka. Muda ulikuwa umepita. Siku hizi napitia fomu yote kwa mishale kwanza, kwenye hali ya kuperuzi, bila kuandika chochote. Nikishajua ina nini ndipo narudi juu kujaza. Na NVDA+F7 inakupa orodha ya viungo, vichwa vya habari na vipengele vya fomu kwa pamoja, ukitaka kuona umbo la ukurasa kabla ya kuusoma.

Kipanya nacho ni kishale, na usikidharau kwa sababu hukioni. Kuna vitufe kwenye programu fulani ambavyo Tab haivifikii kamwe, hata Enter haviisikii. Kifikie kwa kitembezi, ujaribu NVDA+Enter kukitenda. Kikigoma, bonyeza NVDA+Shift+M, kipanya kitaletwa hapo, kisha NVDA na mabano ya mraba ya kufungulia: hiyo ni kubofya kwa kushoto. Mabano ya kufungia ni kubofya kwa kulia. Na waraka uliopigwa picha ukatumwa kama PDF, ambao kisoma skrini hakioni ndani yake neno hata moja, uufungue uonekane wote kwenye skrini, kitembezi kikiwa juu yake, ubonyeze NVDA+R. Kwenye Windows 10 na zilizofuata, maandishi yatatambuliwa na kufunguliwa uyasome kwa mishale, Escape inakutoa. Nyaraka za ofisini kwetu nyingi huja hivyo, utakitumia kila wiki.

Kuhusu mwenzako wa JAWS: msisahihishane, kila mmoja yuko sawa kwenye nyumba yake. JAWS ni kongwe. Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki za mashindano akapoteza uoni kwa ajali ya gari mwaka 1978, ndiye aliyeianzisha na wenzake, nayo ikatoka mwaka 1989 kwa ajili ya DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows. Skrini ya DOS kwa kawaida ilikuwa mistari 25 ya herufi 80, basi. Ilitosha kuwa na kishale kimoja cha kufanyia kazi na kingine cha kuzurura humo kikisoma. Ndiyo asili ya kishale cha PC na kishale cha JAWS anavyovitaja, na cha tatu bila shaka ni kile cha kurasa za mtandaoni. NVDA ilianzishwa na Michael Curran huko Australia mwaka 2006, Windows ikiwa imeshapangwa kiukoo kama nilivyokueleza, na ni ya bure.

Tofauti inayokuhusu ni hii. Kwenye JAWS, kishale kimoja ndicho kinachokuwa kazini na mishale ileile inakitembeza: kitufe cha kutoa kwenye vitufe vya namba kinakupa cha JAWS, cha kujumlisha kinakurudishia cha PC. Ukisahau uliacha kipi, mishale inakudanganya. Kwenye NVDA hakuna kubadilisha. Mishale mitupu ni mkono siku zote, na kwenye mpangilio wa laptopu mishale pamoja na NVDA ni macho siku zote. Kwa mtu anayeanza naipendelea NVDA kwa hilo tu, ingawa najua wazoefu wa JAWS watanipinga.

Kabla ya yote hayo, fanya zoezi moja leo jioni. Fungua Notepad. Andika mistari mitatu: "moja", Enter, "mbili", Enter, "tatu". Bonyeza Control+Home, mkono uko mwanzo wa "moja". Sasa NVDA+mshale wa chini mara mbili, utasikia "mbili", kisha "tatu". Macho yako chini, mkono uko juu. Andika herufi X. Usisogeze kitu, bonyeza NVDA+Shift+nukta uulize macho yako wapi. Yatakusomea mstari wa kwanza wenye X mbele, kwa sababu kuandika kumekisogeza kishale cha kuandika na macho yakakifuata. Yateremshe tena hadi "tatu", na safari hii bonyeza NVDA+Shift+Backspace mara mbili kabla ya kuandika X. Kisha bonyeza NVDA+L, ambayo husoma mstari wenye kishale cha kuandika, na uniandikie umesikia nini.